Beryl Markham: Dem wa Njoro Aliyesoma Resi Kabla Farasi Hawajatoka

Pita Malaba jioni yoyote, kando ya ile foleni ya matrela yanayongoja kuvuka Uganda, na hutakosa duka la kubet limejaa hadi mlangoni. Turnboy yuko ndani, msee wa boda yuko ndani, hata jamaa wa kubadilisha pesa ameacha kiti chake. Kwa skrini farasi wanakimbia. Hiyo ikiisha, dakika chache resi nyingine. Mtu anaona namba nne ameshinda mara mbili, anajishow namba nne leo ako fomu, anatupa soo mbili. Namba nne anamaliza wa mwisho.

Hao farasi hawapo, maze. Ni kompyuta. Lakini hesabu anayopiga huyo jamaa kichwani, ya nani ako fomu na nani amechoka, ni hesabu ya ukweli iliyotengenezewa farasi wa ukweli. Hapa Kenya kuna mathe mmoja aliyeijua kuliko karibu kila mtu. Jina lake Beryl Markham. Aliaga 1986, na kama wewe ni kijana wa mtaa labda unamjua tu kama yule mzungu wa ndege, ama hata humjui. Wacha nikupe stori, juu ndege ilikuwa katikati tu. Mwanzo na mwisho ni farasi.

Alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902, akaitwa Beryl Clutterbuck. Babake, Charles Clutterbuck, alikuwa mtu wa farasi damu. Beryl akiwa bado mdogo sana familia ikahamia Kenya, wakatua Njoro. Tusidanganyane, hiyo ardhi haikuwa ikingoja mtu. Mkoloni aliigawia masetla kama njugu karanga, na hilo ukilisahau stori nzima inakuwa filamu ya watalii. Mamake alishindwa na maisha ya shamba mapema, akachukua kakake Beryl wakarudi Uingereza. Beryl akaachwa na mzae.

Kwa hivyo alilelewa na nani? Na kijiji. Alikua na watoto wa Kikalenjin waliokaa shambani, beste wake mkubwa akiwa kijana mmoja anaitwa Kibii. Alijifunza Kiswahili na lugha yao, akajifunza kurusha mkuki na kuwinda miguu mitupu. Kuna siku alivamiwa na simba aliyekuwa amefugwa kwa jirani, akatoka na makovu. Shule haikumshika. Chenye kilimshika ni stebo ya babake, mahali alijua farasi akiumwa kabla farasi mwenyewe hajajua.

Halafu kiangazi kikapiga. Mzae alikuwa na kinu cha unga pamoja na farasi, na mvua ilipokosa biashara ikaparara. Akafilisika, akaamua kwenda Peru kufundisha farasi huko. Beryl, wakati huo kwa ndoa ya kwanza ambayo haikuwa inaenda popote, akabaki. Akiwa na karibu miaka 18 akachukua leseni ya ukufunzi wa farasi wa resi, mwanamke wa kwanza Kenya kuipata. Fikiria hiyo. Wanaume wenye ndevu ndio walikuwa washindani wake, na yeye ni dem ametoka tu utotoni, hana mzae wa kumshika mkono.

Sasa hapa tusimame kidogo, juu watu wengi hudhani kazi ya mkufunzi ni kufanya farasi akimbie haraka. Hiyo ni nusu. Nusu ingine, na hapo ndipo pesa hukaa, ni kujua umwingize resi gani. Farasi mmoja anaweza kuwa mfalme Jumapili hii na takataka Jumapili ijayo, na hajabadilika hata kidogo. Resi ndiyo imebadilika.

Watu wa Busia mtanielewa haraka kuliko watu wa Nairobi. Neno bodaboda linasemekana lilizaliwa hapa mpakani miaka ya sitini, kabla ya pikipiki, wasee wa baiskeli wakibeba watu na mizigo kutoka boda moja hadi ingine. Haya, chukua wasee wawili na Black Mamba zao. Mmoja ana miguu ya chuma, mwingine ni wa kawaida. Wakishindana mikono mitupu, hakuna haja ya kuangalia. Lakini mfungie yule mkali nusu gunia la sukari kwa keria, halafu waachilie. Sasa kuna resi. Na ukitaka kubet, swali si tena nani ana miguu. Swali ni kama huo mzigo umetosha.

Hiyo ndiyo handikapu. Kuna afisa ambaye kazi yake ni kuangalia kila farasi amekimbia vipi, kumpa alama, halafu kumwekea uzito. Farasi mkali anabeba zaidi, mnyonge anabeba kidogo. Kama joki ni mwepesi kuliko uzito uliopangwa, wanaongeza vipande vya risasi kwa tandiko. Joki anapimwa kabla ya resi, na wa mbele wanapimwa tena baada ya resi, vile trela hupanda mizani ya Webuye kabla ya kufika hapa. Ukipatikana mwepesi, ushindi unaenda. Mzae aliyetengeneza jedwali la uzito kulingana na umri wa farasi, umbali na mwezi wa mwaka alikuwa Admiral Henry Rous, mwanamaji wa Uingereza wa karne ya 19, na msingi wa jedwali lake bado unatumika dunia nzima.

Watu wa kusoma resi wana kanuni moja ya mkono. Kwa resi fupi ya mita 1000, inachukua karibu kilo moja na robo ili kumrudisha farasi nyuma kwa urefu wa mwili mmoja. Kwa resi ya mita 2400, nusu kilo tu inatosha kufanya kazi hiyo hiyo. Maana yake? Mzigo ule ule ambao kwa resi fupi hausikiki, kwa resi ndefu unakuwa jiwe. Mwulize mtu yeyote aliyewahi kusukuma baiskeli yenye sukari. Hatua ya kwanza ni rahisi. Mlima wa mwisho ndio unamaliza mtu.

Kwa hivyo mtu anayeenda na hesabu moja kwa kila resi anaibiwa mchana. Kwa resi fupi unaangalia nani anatoka haraka na ameanzia upande gani, juu akifungiwa ndani hakuna muda wa kurekebisha. Kwa resi ndefu unaangalia pumzi, uzito na kichwa cha joki. Kwa resi ya farasi ambao hawajawahi kushinda, rekodi haikuambii mengi, kwa hivyo unauliza baba na mama ya huyu farasi ni nani, na nani anamfundisha. Ardhi ikilowa, unaanza upya. Halafu kuna zile resi kubwa za heshima, Derby, St Leger na wenzake, za farasi wa umri mmoja. Huko handikapa hana kazi. Wote wanabeba karibu sawa, majike wakipunguziwa kidogo. Farasi mkali hafungiwi sukari.

Shika hiyo ya mwisho, juu ndiyo inafungua maisha ya Beryl.

Mwaka wa 1926 alikuwa na farasi mkali anaitwa Wrack, akimtayarisha kwa St Leger ya Kenya. Kulingana na kitabu chake, wiki 12 kabla ya resi mwenye Wrack akamchukua na kumpeleka kwa mkufunzi mwingine. Sababu ni ile unayoijua. Watu walianza kumjaza maneno kwamba farasi wa maana hawezi kuachiwa msichana. Kazi yote ya miezi, imeenda kwa mtu mwingine. Kwa mtaa tunaita hiyo kufanyiwa ile kitu.

Akabaki na nini? Na jike mmoja anaitwa Wise Child, mwenye damu safi lakini kano za miguu zimeharibika kwa kukimbizwa vibaya akiwa mdogo. Ukiweka hao wawili kwa karatasi, Wise Child hana maisha. Wrack ana nguvu na miguu mizima, na Beryl mwenyewe ndiye aliyemtengeneza.

Lakini soma resi, usisome farasi peke yake. St Leger ilikuwa maili moja na robo tatu, karibu mita 2800. Hiyo si resi ya kutoka kama mshale, ni ya pumzi na subira. Na Wise Child alikuwa na pumzi. Shida yake ilikuwa moja tu, kwamba hawezi kufanyishwa mazoezi ya kasi kila siku, juu miguu itakatika kabla ya siku yenyewe. Kwa hivyo Beryl akamjenga polepole, kazi nyepesi, akihesabu kila siku kama msee anayehesabu salio la mafuta hadi mwisho wa mwezi. Lengo lilikuwa miguu ishike kwa resi moja tu, si msimu mzima.

Joki akawa Sonny Bumpus. Uwanja ulikuwa ule wa zamani wa Nairobi, kabla ya Ngong kujengwa. Wrack akaenda mbele, vile kila mtu alijua ataenda. Wise Child akawekwa nyuma, ametulia. Mwendo ulipokuwa mrefu na Wrack akaanza kulipia ile kasi ya mwanzo, jike akamfikia na kumpita. Beryl anasimulia kwamba kufikia mwisho miguu ilikuwa imeanza kumgomea, na bado akashinda. Dem wa miaka 23, na farasi ambaye wengine walishamwandika marehemu.

Mimi naona watu hupenda hiyo stori kwa sababu mbaya. Wanaiita moyo, wanaiita bahati. Moyo ulikuwepo, sawa. Lakini fikiria kama ingekuwa resi ya mita 1200. Wise Child angekula vumbi na leo hakuna mtu angejua jina lake. Na tusisahau nani hakuwa anaonekana hapo uwanjani. Mwafrika alikuwa sais, yaani mtunza farasi, anayeamka saa kumi kusugua na kulisha mnyama ambaye hakuruhusiwa kuwa wake. Kibii, yule beste wa utotoni ambaye sasa aliitwa arap Ruta, alikuwa mmoja wao, akimfanyia Beryl kazi. Walianza wakicheza pamoja, wakaishia mmoja bosi na mwingine mfanyakazi. Beryl alimheshimu sana kwa maandishi. Hata hivyo leseni ilikuwa na jina moja tu.

Baada ya hapo maisha yake yakawa ya blogu za udaku, kama zingekuwepo. 1927 aliolewa na tajiri Mansfield Markham, jina likabaki hadi kaburini ingawa ndoa haikukaa. Akatajwa na mwana wa mfalme wa Uingereza, Prince Henry, na sakata likaisha kwa yeye kulipwa hela kila mwaka kwa miaka mingi. Akawa na Denys Finch Hatton, yule yule wa Karen Blixen, ambaye ndege yake ilianguka Voi Mei 1931 akafa. Napita haraka, juu hiyo sehemu imeandikwa hadi ikachoka.

Akajifunza kurusha ndege na Tom Campbell Black. 1933 akapata leseni ya biashara, mwanamke wa kwanza Kenya, akawa anabeba barua, dawa na abiria, na kutafutia wawindaji ndovu kutoka angani. Arap Ruta akahama naye kutoka stebo hadi uwanja wa ndege.

Na tazama vile hesabu ya farasi ilimfuata huko juu. Septemba 1936 aliamua kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda Amerika. Kuelekea mashariki, upepo unakusukuma mgongoni. Kuelekea magharibi unakupiga usoni njia yote, na hiyo ndiyo alichagua. Sasa ni handikapu tena: ukibeba mafuta kidogo hufiki, ukibeba mengi ndege haiinuki. Kila kilo ni kilo ya mafuta au si ya maana. Ndege yake, Vega Gull iliyoitwa The Messenger, ilijazwa matangi ya ziada hadi ndani alikokaa. Redio hakuwa nayo. Akapaa Abingdon jioni ya tarehe 4 Septemba, usiku mzima mvua na giza. Baada ya saa 21 hivi injini ikazima, mafuta hayapiti tena vizuri, akaangusha ndege kwa kinamasi pale Baleine, Nova Scotia, Kanada. Alitaka New York. Akatoka ameumia kichwa tu, na akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. New York wakampokea kama staa. Kabla mwezi kuisha, Campbell Black akafa Liverpool, ndege ingine ilimgonga akiwa bado chini.

Alikaa Marekani miaka kadhaa, na 1942 akatoa kitabu, West with the Night. Mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, alikuwa mwandishi, na mpaka leo watu hubishana nani aliandika nini. Kitabu hakikuuza sana, vita vilikuwa vimemeza kila kitu. Ndoa ikavunjika. 1949 hivi akarudi Kenya bila pesa, miaka 47, watu wamemsahau.

Nani anaanza upya hapo? Yeye. Kwa farasi.

Ngong Racecourse ilifunguliwa 1954, na kufikia mwisho wa hiyo miaka ya hamsini Beryl alikuwa anaitawala. Mara tano alikuwa mkufunzi bora wa mwaka. Derby ya Kenya alishinda mara sita. Sita! Na hapa ndipo ile nilikuambia ushike inaingia. Ukishinda sana kwa handikapu, unaadhibiwa. Kila ushindi unaongeza kilo kwa farasi wako, mpaka sukari inakuwa nyingi kuliko miguu. Kwa Derby hakuna wa kukuongezea. Mkufunzi mwenye jicho la kutambua farasi mchanga na subira ya kumngoja hadi siku yake anaweza kurudi kila mwaka na kuchukua tena. Ndiyo maana mimi naamini hesabu ya Derby zake inasema mengi kumhusu kuliko ile ndege. Ndege unaweza kubahatisha mara moja.

Hesabu hiyo haikuwa uchawi lakini. Katikati ya miaka ya sitini alihamia Afrika Kusini na farasi wake, na mambo hayakujipa vile yalijipa Kenya. Nairobi iko zaidi ya mita 1600 juu ya bahari, hewa nyepesi, nyasi anazijua, washindani anawajua, hata mahakimu anawajua. Huko alikuwa mgeni kwa kila kitu. Miaka ya sabini ikamkuta amerudi tena Nairobi, anafundisha farasi tena, na akashinda tena.

Sasa rudi kwa ile skrini ya Malaba na umlete Beryl, mwekee kiti. Angeuliza nini? Umbali ni gani. Anabeba kilo ngapi. Mara ya mwisho alikimbia lini, kwa ardhi gani, joki ni nani, baba yake nani. Na hakuna jibu hata moja. Namba nne hakukimbia resi iliyopita, kwa sababu hakuna namba nne. Kuna programu inayochagua mshindi kwa kubahatisha kulingana na uwezekano uliowekwa tayari, na malipo yamepangwa ili kwa resi nyingi nyingi duka libaki na sehemu yake. Ile "fomu" unayoona ni rangi za jezi. Hakuna kano za miguu za kulinda, hakuna pumzi, hakuna handikapa wa kumshinda akili. Ngong angalau, Jumapili ya resi, unaweza kusimama pale farasi wanapozungushwa na ukaona mwenyewe nani anachechemea. Shida ni kwamba Ngong iko zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa, na skrini iko mlango wa pili kutoka stendi.

Msee wa boda anayetupa pesa ya mafuta hapo si mjinga. Hilo nakataa. Anasoma, anakumbuka, analinganisha, anafanya kazi ile ile ya kichwa iliyomshindia Beryl St Leger. Anaifanya tu kwa kitu ambacho hakisomeki. Na jioni mwenye pikipiki anataka pesa yake ya siku.

Beryl mwenyewe hakufa tajiri. Alizeeka kwa nyumba ndogo pale uwanja wa Ngong, nyumba si yake, wezi wakawahi kumvamia na kumpiga. Siku ya jaribio la mapinduzi, Agosti 1982, gari lake lilipigwa risasi akiwa ndani, akaponea. Halafu 1983 kile kitabu cha zamani kikachapishwa upya Amerika, baada ya mtu huko kusoma barua ya Ernest Hemingway iliyokisifu, na ghafla kikauza vibaya sana. Pesa ikaanza kuingia akiwa na miaka 80. Wageni wakaja kumtafuta Nairobi, wakamkuta akiongea kuhusu farasi.

Alianguka nyumbani akaumia, akapelekwa hospitali, akafa tarehe 3 Agosti 1986. Ilikuwa imebaki mwezi mmoja tu kufika miaka 50 tangu avuke Atlantiki.